Mzee aliyesahau kosa lake

Gerezani, pale kituo cha mwendokasi, ndipo ba'mkubwa alipotupotea. Mtu kazaliwa Kariakoo, mitaa yote anaijua, lakini siku hiyo alitembea hadi Mtaa wa Kongo, akachukua kandambili kwenye meza ya machinga, akavaa, akaondoka zake. Mwizi huyo! Tulimpata kesho yake mahabusu. Nikamwamkia, akaniuliza, "Kijana, basi la Tanga linaondoka saa ngapi?" Mimi, mtoto wa mdogo wake. Hakujua amelala wapi wala kwa nini.

Tulizilipia, machinga akasema yaishe. Ila tangu siku ile najiuliza: angefungwa je?

Fikiria maisha ya gerezani. Asubuhi hesabu, jioni hesabu. Jina likiitwa uitike, amri ikitoka uifuate. Mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uamuzi, hawezi. Askari ataona jeuri, nyapara ataona ujanja. Nani atamwogesha? Labda mfungwa mwenzake mwenye huruma, na huyo akihamishwa ndo basi tena.

Mtaniambia kuna msamaha wa Rais. Kweli, Ibara ya 45 ya Katiba inampa mamlaka hayo, na misamaha ya 26 Aprili na 9 Desemba imewahi kuwagusa wenye miaka 70 na zaidi, pia wagonjwa wa UKIMWI, kifua kikuu na saratani. Lakini demensia haisubiri miaka 70, na haionekani kwenye picha ya kifua. Isanga kule Dodoma ipo kwa wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Sawa. Ila mzee anayeanza kusahau akiwa Ukonga, mwaka wa kumi wa kifungo, hapigi kelele. Anaonekana mzee tu.

Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha uraiani. Basi tuanze na kidogo. Madaktari wana maswali mafupi: leo siku gani, upo wapi, rudia maneno haya matatu. Dakika kumi. Wenzetu wa Muhimbili wanaweza kuyauliza, kwa kila mfungwa aliyevuka miaka 55, akiingia na kila mwaka. Nyie wa sheria mwandike maombi, maana mwenye kusahau hawezi kujiombea.

Ba'mkubwa tunaye nyumbani. Kandambili zipo mlangoni. Kila asubuhi anauliza ni za nani.