Kabla ya Kutuma Pesa Carriacou, Tuulize Kwanza

Picha ilifika kwenye simu zetu usiku. Nyumba zimevuliwa mabati, mama amesimama katikati ya mbao zilizovunjika, na chini kuna namba ya kutuma mchango: wasaidieni watu wa kimbunga Beryl. Mmoja wetu akatuma shilingi 10,000. Kesho yake namba haipatikani. Tena ilikuwa namba ya hapahapa Uganda, na picha yenyewe hatujui ilipigwa wapi.

Tangu siku ile tumebishana sana. Kuna wanaosema basi, hakuna kutoa tena, wote ni wezi. Kuna wengine wanasema sisi ni wakimbizi, tunangoja mgao kila mwezi, huko Karibiani kunatuhusu nini? Leo tunaandika pale tulipofikia. Kutoa tutoe, jamani. Ila tumtafute mtu aliye karibu zaidi na wenye shida, halafu tumuulize maswali yaleyale ambayo tungependa wanaotusaidia sisi waulizwe.

Kwanza tujue tunamsaidia nani. Carriacou ni kisiwa kidogo katika nchi ya Grenada, kama kilomita za mraba 34 tu. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl ilikipiga kwa upepo wa karibu kilomita 240 kwa saa. Serikali ya Grenada ilisema karibu asilimia 98 ya majengo ya Carriacou na ya kisiwa jirani, Petite Martinique, yaliharibika au yalibomoka kabisa. Maana yake ni kwamba jirani wa kukukaribisha naye hana paa.

Sasa kuna jambo ambalo ile picha haikutuambia. Carriacou hakuna mito. Watu wanategemea mvua: maji yanateremka kwenye paa, yanaingia kwenye tangi la nyumbani, ndiyo wanakunywa na kupikia. Kwa hiyo paa likienda, maji nayo yameenda. Mtu wa mbali akiona nyumba haina bati anafikiri, maskini, watalowa. Mtu wa pale anafikiri, tutakunywa nini wiki ijayo? Anayejua hilo atapeleka mabati, misumari na dawa ya kusafisha maji. Asiyejua atapeleka nguo.

Habari ya nguo sisi tunaijua. Siku moja lilikuja lori hapa na masanduku ya msaada. Tukapanga foleni kuanzia asubuhi. Kufungua, tukakuta viatu vya visigino virefu, na wakati ule hata sabuni hatukuwa nayo. Tukapigwa picha tumeshika viatu, tunacheka kwa aibu, lori likaenda zake. Hatukuulizwa kitu. Labda picha zetu nazo zilitumika mahali kuomba pesa.

Ndiyo maana swali letu la kwanza ni hili: ulikuwepo kabla ya kimbunga? Watu wa Carriacou wametawanyika miaka mingi. Wako Brooklyn kule New York, wako Huddersfield kule Uingereza, na wana vyama vyao vya watu wa nyumbani. Mtu wa Huddersfield ana shangazi Carriacou. Akila pesa ya mabati, habari itamfikia mama yake kabla ya jioni. Hiyo aibu inalinda mchango kuliko mhuri wowote. Grenada wana mchezo wa kuchanga pesa kwa zamu unaitwa susu, na sisi tuna likelemba. Nani kati yetu anaingia likelemba na mtu ambaye hajui analala wapi? Makanisa yenye waumini kisiwani, Msalaba Mwekundu wa Grenada na idara ya serikali ya maafa, NaDMA, nao walikuwepo kabla, na watakuwepo wapiga picha wakishaondoka.

Swali la pili: nani alisema kinahitajika nini? Ufundi wa kuunda mashua za mbao wa Carriacou na Petite Martinique uliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Watu hawa wanajua kufanya kazi kwa mikono. Mvuvi aliyepoteza mashua hataki kuletewa mchele mwaka mzima. Anataka mbao, injini na nyavu, kisha mchele atanunua mwenyewe. Anayekusanya pesa akishindwa kukuambia wenyewe wameomba nini, ujue hajawauliza.

Swali la tatu: utarudi na hesabu? Hapa jina kubwa halitoshi. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa NPR na ProPublica walichunguza, wakaripoti kwamba nyumba za kudumu ulizojenga zilikuwa 6 tu. Shirika lilijitetea kwamba pesa zilikwenda kwenye mambo mengine mengi pia. Hatusemi ziliibwa. Tunasema mtoaji hakupaswa kungoja miaka mitano na waandishi wa habari ndipo ajue.

Kwa wale wanaosema wote ni wezi, tunawaelewa, maana tuliibiwa kweli. Lakini mwizi alichukua 10,000. Tukiacha kutoa kabisa, tutakuwa tumemwongezea na huruma yetu bure. Na mama wa Carriacou hakutuibia kitu.

Kwa wale wanaouliza inatuhusu nini: Carriacou wana ngoma inaitwa Big Drum. Ndani yake wanachezea mataifa ya mababu waliotolewa Afrika, na moja ya mataifa hayo ni Congo. Sisi tulitoka kwetu kwa miguu, tumebeba watoto na sufuria. Wale walitolewa kwa meli, wamefungwa minyororo. Karne zimepita na bado wanataja jina la kwao. Tutasemaje hatuwajui?

Basi tumeamua hivi. Tumechangishana shilingi 140,000. Ni ndogo, na ada ya kutuma ingekula sehemu yake, kwa hiyo hatutatuma peke yetu. Mwenzetu mmoja alipata safari, sasa anaishi New York. Yeye atatoa kiasi hicho kwa pesa ya kule, na sisi tutampa mama yake hapa kambini. Atakwenda kwa miguu yake kwa chama cha watu wa Carriacou, ataonana nao uso kwa uso, atauliza maswali yetu matatu. Wakimjibu, atachangia kwenye kapu lao na kuchukua risiti. Wasipojibu, tutatafuta mlango mwingine.

Majina ya waliochanga na kiasi cha kila mmoja tutayabandika hapa, na risiti ikija tutaibandika pembeni yake. Hatuwezi kudai hesabu kwa wakubwa huku yetu tumeificha mfukoni.