Giza Tutalistahimili, Kimya Je?

Umeme ukikatika Bujumbura, hakuna anayeshtuka. Tunapapasa tochi, maisha yanaendelea. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema asiulize mti utazaa lini.

Tuanze na sababu. Umeme wetu, kwa sehemu kubwa, hutokana na maji. Bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986, lina uwezo wa megawati 18, na mtambo wa Mugere megawati 8. Umeme wa Ruzizi ya Pili tunagawana na Kongo na Rwanda. Megawati 80 za Rusumo tunagawana na Rwanda na Tanzania. Kiangazi kikikaza, mito hupungua na umeme hupungua nayo. Nyaya na transfoma zilizochakaa nazo hulemewa na wateja wanaoongezeka. Hayo hayatatuliwi kwa siku moja, na mwananchi mwadilifu hana budi kukubali hivyo.

Lisilokubalika ni kimya. Mchomeleaji wa Buyenzi akijua kuwa umeme utakatwa saa nane mchana, atamaliza kazi zake asubuhi. Muuza mukeke atanunua samaki wa kutosha siku ile tu. Zahanati itatafuta mapema mafuta ya jenereta. REGIDESO ni shirika la umma. Kutangaza redioni ratiba ya mgawo, mtaa kwa mtaa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, hakuhitaji megawati hata moja.

Haki, hata hivyo, huandamana na wajibu. Umeme ukikatika, chomoa friji, televisheni na pasi. Acha swichi ya taa moja tu ikiwa imewashwa, ikujulishe umeme utakaporudi. Ukirudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuchomeka vyombo, kwani nguvu yake huwa haijatulia, na nyumba zote zikivuta kwa pamoja transfoma huzidiwa. Friji isifunguliwe ovyo, ili ubaridi udumu. Mshumaa usiachwe karibu na pazia wala mikononi mwa mtoto. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba: moshi wake una gesi isiyoonekana inayoua watu usingizini. Waya ulioanguka usiguswe, hata kama mtaa mzima uko gizani. Na yule anayejiunganishia umeme kwa siri, atadai huduma bora kwa kinywa gani?

Basi nakuombeni jambo moja dogo. Kila mtaa uwe na daftari: tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, vitu vilivyoharibika. Mwisho wa mwezi lifikishwe kwa mkuu wa mtaa na katika ofisi ya shirika, na nakala ibaki kwenu. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa kelele. Daftari la mtaa mzima ni ushahidi.