Risala ya Mafundi na Wenye Kamera Kuukuu za Kompyuta

Kwa watengenezaji wa kamera za kompyuta na wa mifumo endeshi

Waheshimiwa,

Sisi mafundi wa kompyuta wa mitaani, pamoja na wateja wetu, tunaleta risala hii. Tunakuja kwa heshima, ila hatuji kubembeleza. Jambo letu ni moja: kamera nzima isihesabiwe mbovu kwa sababu tu draiva yake imeachwa yatima.

Hivi karibuni mwalimu mstaafu anayefundisha tuisheni alituletea kamera yake, ile yenye kibanio kama cha kuanikia nguo, ambayo lenzi yake huzungushwa kwa kidole mpaka picha itulie. Boksi lake alilitunza, na sidii ilikuwa bado imo kwenye bahasha, imeandikwa Windows XP. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumempigia mfumo mpya wa biti 64. Tulipochomeka waya, mashine ikalia kuonyesha kuwa imepokea kifaa, kisha kimya. Taa haikuwaka. Kwenye orodha ya vifaa, kamera ilikaa na alama ya mshangao ya njano. Sidii tuliiingiza, draiva ikakataliwa. Tukaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa modeli ile ulishaondolewa.

Ndipo tukaiwasha mashine ileile kwa flashi yenye Linux. Taa ikawaka. Uso wa mwalimu ukatokea, mdogo na wenye chenga, lakini ukitikisa kichwa kila alipotikisa. "Kumbe nzima!" akasema. Furaha haikudumu, maana programu anayofundishia haipo upande wa Linux. Akatugeukia: "Sasa mafundi, mgonjwa hapa ni nani?" Swali hilo ndilo lililozaa risala hii.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, lugha za siri. Kanuni ya pamoja ya kamera za USB, iitwayo UVC, ilitoka mwaka 2003. Kamera inayoifuata hutumia draiva ambayo tayari imo ndani ya mfumo. Nyingi zilizotangulia, na hata baadhi ya zilizofuata, zilisema lugha ya kampuni. USB iliyotumiwa na nyingi kati ya kamera hizo ilipitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, kwa hiyo picha ilibidi ibanwe, na kila kampuni ikaibana ilivyopenda. Siri ya kuifungua ikakaa ndani ya draiva. Draiva ikipotea, siri imezikwa nayo.

Pili, mlango mpya usio na ufunguo wa zamani. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 ina toleo la biti 64 pekee. Tena draiva lazima iwe na sahihi ya kidijitali. Sahihi hatuipingi, maana inazuia programu za wezi. Tatizo ni kwamba mwenye kalamu ameshaondoka. Na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wengi wanasukumwa kuhama, watake wasitake.

Tatu, masasisho ya kushtukiza. Agosti 2016 sasisho la Windows 10 lilizuia picha zilizobanwa kwa MJPEG na H.264 zisifike kwenye programu, na kamera za watu wengi zikaganda. Hizo hazikuwa kamera za kale. Nyingine zilikuwa zikifanya kazi vizuri siku moja kabla.

Nne, ujumbe usiosema kitu. "Kamera haikupatikana" yaweza kumaanisha draiva haipo, ruhusa ya faragha imezimwa, au programu nyingine imeishika kamera. Mteja anasoma, anaamini imekufa, anaitupa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Kamera nzima hazikustahili kuwamo.

MADAI YETU

1. Draiva za zamani zibaki kwenye tovuti ya mtengenezaji, bure, hata bidhaa ikiwa haiuzwi tena. Zikiondolewa, mteja huzitafuta kwenye tovuti za vichochoroni na kurudi kwetu na virusi.

2. Kampuni isiyotaka kuitunza draiva itoe hadharani maelezo ya jinsi kamera inavyozungumza na kompyuta. Kazi aliyoianzisha Michel Xhaard na kuendelezwa na Jean-François Moine, yaani draiva za gspca, iliingia kwenye Linux mwaka 2008 na kuhuisha mamia ya kamera, nyingi bila msaada wa walioziunda. Waliopapasa gizani waliweza. Nyinyi wenye taa mnashindwaje?

3. Boksi liseme wazi kama kamera inafuata UVC, na huduma ya draiva itakoma mwaka gani.

4. Ujumbe wa hitilafu utaje kilichokosekana na hatua ya kuchukua.

5. Kabla sasisho halijatolewa, lijaribiwe kwa kamera kuukuu pia.

AHADI YETU

Nasi hatutamwambia mteja anunue nyingine kabla ya kukagua ruhusa za faragha, kufunga programu zinazong'ang'ania kamera, kuichomeka moja kwa moja kwenye tundu jingine la mashine, na kuijaribu kwa Linux. Iliyokufa kweli tutasema imekufa, wala hatutatoza pesa ya kuifufua.

Waheshimiwa, kamera ya mwalimu tungali nayo dukani, ndani ya boksi lake. Yeye hupita kila Ijumaa kuulizia. Tupeni la kumjibu.

Tunaomba kuwasilisha.