Dawa Ikikudhuru, Usinyamaze

Tuseme mama mmoja wa Ndia Kuu, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, amemeza tembe alizopewa zahanatini. Siku ya tatu ngozi yamuwasha, midomo ina vidonda, macho ni mekundu. Majirani wasema ni husuda. Mhudumu wa afya amwachisha dawa ile, ampa nyingine, basi. Mama huenda akapona, lakini habari imefia pale pale. Kesho mwingine atapewa tembe zizo hizo.

Habari kama hiyo ikiandikwa huokoa maisha. Thiasetazoni ilikuwa dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, iliyotumika Kenya miaka mingi. UKIMWI ulipoingia, madaktari jijini Nairobi waliona wagonjwa wenye virusi wakichubuka ngozi vibaya kwa dawa hiyo, na wengine wakafariki. Waliwahesabu, wakaandika, na mwaka 1991 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri wenye virusi wasipewe dawa hiyo.

Tangu 2009 Kenya ina utaratibu rasmi chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Fomu ya manjano ni ya madhara ya dawa. Ya waridi ni ya dawa yenye kasoro. Siku hizi ripoti hupelekwa hata kwa kompyuta.

Mbona basi wahudumu wengi hawaandiki? Wako wanaoogopa lawama, wako waliozidiwa na foleni, na wako wanaongoja wawe na hakika. Hakika haihitajiki. Shaka yatosha, na fomu haikuwekwa ili kumtia mtu hatiani.

Nawe ukipatwa, fanya haya:

1. Nenda hospitali siku ile ile, hasa ngozi ikifanya malengelenge au pumzi ikibana.

2. Beba dawa zote ulizotumia, hata za dukani na za miti shamba.

3. Uliza kwa adabu: "Daktari, jambo hili limeandikiwa ripoti?"

4. Omba uandikiwe jina la dawa iliyokudhuru, ulionyeshe kila uendapo kutibiwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ripoti moja huenda isiseme mengi, lakini zikija kumi kutoka Mombasa, Kisumu na Garissa kuhusu dawa moja, Bodi itajua pa kuangalia.