Picha Tunazoziogopa na Picha Tunazoziiba

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Tarime, aliandika tasnifu kuhusu namna magazeti yanavyouonyesha ukeketaji katika wilaya za Tarime na Serengeti. Alichambua picha moja baada ya nyingine, na chini ya kila picha akataja mpigaji, gazeti na tarehe. Msahihishaji akatoa agizo: ondoa picha zote, zina hakimiliki. Akaziondoa. Tasnifu ya kuchambua picha ikaingia maktabani bila picha hata moja.

Wiki hiyohiyo, katika jengo hilohilo, mhadhiri alionyesha ukutani picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara, imekatwa pembeni ili jina la mpigaji lisionekane. Hakuna aliyemwuliza neno.

Ndugu msomaji, huo ndio ugonjwa wetu: tunaitaja sheria bila kuisoma, kisha tunaivunja bila kujua.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haikumkataza mwanafunzi yule. Kifungu cha 12 kinaruhusu, bila idhini ya mtunzi wala malipo, kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma na kuitumia kama kielelezo cha kufundishia, mradi matumizi yasizidi lengo lake, yaendane na desturi ya haki, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaukubali msimamo huo. Mantiki yake ni nyepesi: huwezi kuihukumu picha ambayo msomaji haioni.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari haina hasara. Inayo. Mwalimu wa Mugumu anayetishwa na neno hakimiliki atafundisha jiografia ya Serengeti kwa maneno matupu, ilhali hifadhi yenyewe iko jirani na watoto wake wengi hawajawahi kuingia ndani. Picha za hifadhi hiyo zinauzwa duniani kote. Mtoto wa jirani ndiye anayeambiwa haziruhusiwi.

Lakini mlango wa kifungu cha 12 una kizingiti. Ukiiweka picha hiyo kwenye tangazo la kutafuta wanafunzi, au kwenye kalenda ya kuuza, umekwisha kutoka darasani. Tafuta idhini na ulipe. Na kuandika “chanzo: Google” ni kumtaja mchukuzi ukamwacha mwenye mzigo. Haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake, hata asipoisajili popote. Kwa hiyo kijana mwenye studio Tarime mjini, anayepiga picha za ngoma ya ritungu, ana haki ileile aliyonayo mpiga picha wa Ulaya aliyekuja Kogatende na kamera ya mamilioni. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Huyu wetu hucheza kwao, na wasomi wakamwibia.

Limebaki jambo zito kuliko hakimiliki. Msimu wa ukeketaji unapokaribia, Desemba, mabinti hukimbilia nyumba salama, na picha zao husambaa. Semina zetu huzionyesha, nyuso wazi. Tuseme mpigaji ametajwa vizuri na kifungu cha 12 kimetimizwa neno kwa neno. Je, binti aliyemo ndani ya picha alikubali? Hakimiliki ni ya aliyeshika kamera. Sura ni ya binti, na anaweza kurudi kijijini kwake akakutana na ukoo uleule alioukimbia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetukumbusha kwamba mtu ana haki juu ya taarifa zinazomtambulisha; haya ya kawaida ya kibinadamu ilipaswa kutukumbusha mapema zaidi.

Mwanafunzi yule alikuwa amezifunika nyuso zote kabla hajaambiwa na mtu. Alitaja watunzi, akatumia picha alizozihitaji tu, akawasitiri mabinti wa kwao. Yeye peke yake katika jengo lile alitimiza sheria na utu, na yeye peke yake akaadhibiwa.

Vyuo vyetu viandike mwongozo wa ukurasa mmoja, vikiishirikisha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kila msahihishaji ausome kabla ya kushika kalamu nyekundu. Na tasnifu ile irudishiwe picha zake.