Michoro Iliyokuwa Chini ya Kitanda



Mwezi uliopita baada ya darasa la watoto alitujia mama mmoja wa hapa Mayfair amebeba bunda la karatasi lililofungwa kwa utepe. Alilikuta chini ya kitanda cha mwanawe, kijana wa miaka 18 aliyemaliza matriki mwaka jana. Mwanzo alidhani ni ramani ya nyumba. Alipolikunjua akaona bawa, mkia na rafadha, na vipimo vya milimita kila upande.

"Ndugu zangu," akatuambia, "mwanangu ataka kuunda eropleni katika gereji ya kupanga. Baba yake yuko Durban kikazi, na mimi neno langu halimwingii. Mkanyeni, kabla sijaletewa maiti."

Maneno ya kumkanya tulikuwa nayo tele. Lakini tuliona haya kumkanya mtu juu ya jambo tusilolijua, basi tukaomba tupewe mwezi mmoja. Hapa twaeleza tuliyoyapata, kwani hatudhani kuwa kitanda hicho ni kimoja tu katika nyumba zetu.

Kwanza, kazi yenyewe si wazimu wa jana. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol, mtu wa Minnesota nchini Marekani aliyejifundisha mwenyewe, alirusha ndege ya mbao aliyoiunda kwa injini ya gari la Ford. Michoro yake ilichapishwa, na hadi leo wako watu wanaoiunda. Mwaka 1953 kikaanzishwa huko huko Marekani chama cha waundaji wa namna hiyo, nacho kina tawi hapa Johannesburg. Wengi wa watu hawa ni watu wa kazi za kawaida, na ndege huchukua jioni zao na Jumamosi zao kwa miaka.

Yapasa kutofautisha njia mbili. Yuko anayenunua vipande vilivyokwisha kukatwa na kutobolewa kiwandani, akaviunganisha. Na yuko anayenunua michoro peke yake, kisha kila ubavu wa bawa aukate kwa mkono wake. Michoro ni rahisi kwa bei, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika, kwa kuwa injini peke yake yaweza kupita gharama ya vitu vingine vyote.

Kwa njia ya kwanza mji wetu una jina kubwa. Kusini ya Johannesburg, katika kiwanja kidogo cha Tedderfield, ndiko zinakotengenezwa ndege za Sling. Mwaka 2009 waanzilishi wake wawili, Mike Blyth na James Pitman, walizunguka dunia kwa Sling ya viti viwili. Na mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wakiongozwa na binti wa miaka 17, Megan Werner, waliunganisha Sling ya viti vinne kwa muda wa wiki tatu hivi. Vipande vilikuwa maelfu. Mwezi wa Juni wakaondoka Cape Town, na Julai wakatua Cairo, mwendo wa kilomita zipatazo 12,000. Miongoni mwa vituo vyao ilikuwamo Zanzibar. Tulipomsomea mama yule habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nani aliwasimamia?" Swali hilo lilitushinda akili, maana ndilo lililotupasa kuliuliza mwanzo. Walisimamiwa na mafundi wa kiwanda, na ndege ya pili yenye marubani wazoefu ikawafuata.

Tazama sasa walio peke yao. Gabriel Nderitu wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege nyumbani kwa elimu aliyoikusanya kwenye intaneti, akaitia injini ya gari la Toyota. Haikuruka. Hatumcheki, maana ujasiri ule si wa kila mtu. Wala si kwamba injini ya gari hairushi ndege, kwani ya Pietenpol iliruka. Lakini ndege ni hesabu moja: uzito wa injini, upana wa mabawa, nguvu ya rafadha na mahali uzito wote unaposawazika, kila kimoja chamtegemea mwenzake. Ukibadili kimoja bila ya kuvihesabu upya vilivyobaki, umeiacha michoro na unaunda ndege nyingine isiyochorwa na mtu.

Michoro yenyewe nayo yaweza kukosa. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu cha kumfundisha kila mtu kujiundia kindege alichokiita Chawa wa Angani. Watu walikipokea kwa shangwe, Ufaransa na Uingereza, wakaunda kwa mamia. Kisha wakaanza kufa. Kindege kile kilikuwa na bawa mbele na bawa nyuma, karibu karibu. Pua ikiinama kupita kiasi, hewa ya bawa moja iliharibu kazi ya jingine, na rubani hakuweza tena kuinyanyua. Jambo hili lilithibitika mwaka 1936, kindege kilipotiwa katika mahandaki ya upepo na kupimwa. Mignet mwenyewe alikuwa amekirusha chake mara nyingi akarudi salama.

Sisi tuna mzee wetu katika bab hii, naye ni Abbas ibn Firnas wa Córdoba, wa karne ya 9. Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, asimulia kuwa alijivika manyoya na mabawa, akaruka mwendo wa kutosha, kisha akaumia mgongo katika kutua kwa sababu hakujitengenezea mkia. Watoto wetu huambiwa kuwa aliruka. Habari ya mkia tumezoea kuiacha, na sijui kwa nini tuiache, kwani ndiyo yenye faida.

Liko na jambo la hapa petu ambalo hakuna mchoro wa ng'ambo unaolisema. Sisi tuliotoka pwani twajua kuwa maharagwe ya Johannesburg hayaivi upesi. Mji huu uko takribani mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hapa, siku ya joto, hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na mabawa yataka mwendo zaidi kabla ya kubeba. Ndege inayoondoka upesi Mombasa yaweza kumaliza njia hapa ingali chini. Ndiyo maana ile Sling ya viti vinne ilitiwa injini yenye turbo.

Jumamosi moja tukamchukua kijana hadi kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa vyuma, mwenye banda katika kiwanja cha ndege kusini ya mji. Kijana akamwamkia "oom", kama waamkiavyo watoto wa huku. Mzee hakutazama michoro. Alimpa bati mbili za alumini, keekee na ribiti ishirini, akamwambia aziunganishe. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akapita ribiti moja moja, na zile alizoziona zimelala upande akaziwekea alama ya kalamu nyekundu. Zilikuwa kumi na nne.

"Zitoboe, uanze tena," akasema.

Tulimtazama kijana usoni kuliko tulivyozitazama bati. Alimeza mate, akaichukua keekee.

Mzee akatueleza utaratibu. Ndege za namna hii huandikishwa kwa herufi ZU chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Afrika Kusini. Mkaguzi aliyeidhinishwa huikagua kazi hatua kwa hatua, na bawa halifungwi kabla hajaona ndani yake. Ikikamilika, huruka kwanza kwa idhini ya majaribio, bila abiria. Anayetaka kuirusha mwenyewe awe na leseni, ambayo haitolewi chini ya miaka 17, na daktari awe amempima. Gereji ya kupanga, akasema, si tatizo. Tatizo ni muundaji anayefunga mlango wa gereji.

Tuliyarudisha hayo kwa mama kama yalivyo. Hakuridhia, wala hakukataa. Amesema kijana aende kwa mzee kila Jumamosi, aanze na usukani wa mkia, ambao ni mdogo na ukiharibika hasara yake si kubwa, na kila mkaguzi atakapotia sahihi, karatasi ile iletwe aione yeye kwa macho yake. Injini haijatajwa nyumbani humo; inamngoja baba arudi kutoka Durban.

Wazazi wanaopenda kwenda kuliona banda lile na watuone barazani baada ya Dhuhr, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Gari lina nafasi tano.