Kijana na Joka Lake
Watu wakisimulia habari za Christopher Paolini hupenda kuanzia kwenye umri: kwamba alianza kuandika riwaya ya Eragon akiwa na miaka 15, huko Montana, Marekani, baada ya kumaliza sekondari kwa kusomea nyumbani. Mimi umri haunishangazi. Vijana wanaoanza riwaya ni wengi mno, na madaftari yao yameishia uvunguni. Kinachonivutia ni yaliyofuata. Rasimu ya kwanza ilimchukua mwaka mzima, akaisoma, akaona haifai, akatumia mwaka mwingine kuiandika upya. Wazazi wakaichapisha wenyewe mwaka 2002, jalada na ramani akachora yeye, kisha familia ikaingia barabarani kuinadi. Walipita shule na maktaba zaidi ya 100, naye kavaa mavazi ya zama za kati, shati jekundu na buti za kamba, akizungumza mbele ya wanafunzi wa rika lake. (Hebu mwambie kijana wako avae hivyo mbele ya wenzake!) Nakala moja ikamfikia mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen, akaipenda, Hiaasen akawadokeza wachapishaji wake, Knopf, nao wakaitoa upya mwaka 2003. Wahakiki walinung'unika kwamba hadithi ya joka Saphira na mpandaji wake imechota mno kwa Tolkien na Star Wars. Walikuwa na hoja, ila wasomaji wa miaka 12 hawakuwauliza, na Paolini hajauhama ulimwengu ule: riwaya yake ya Murtagh ilitoka mwaka 2023.